Sauti ya bibi iliyokwama ndani ya diski: Somo la fundi mstaafu wa Guta

Msomaji wa Dar es Salaam akisikia neno guta hufikiria ile baiskeli ya magurudumu matatu inayobeba magunia ya mkaa na kreti za soda. Guta ninayoizungumzia leo ni kwetu, kando ya Ziwa Victoria upande wa Ghuba ya Speke, mwendo mfupi kutoka Bunda mjini. Ni mahali pa wavuvi wa sangara na dagaa, wakulima wa pamba na mpunga, na wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja jioni kama moshi mpaka mtu anafunika kikombe cha chai kwa kiganja.

Mwaka 2020 ziwa lilijaa kuliko wazee wengi walivyowahi kuliona. Maji yalipanda yakameza bustani za nyanya, yakafika kwenye makaburi ya zamani ya ukoo wetu. Yalipopungua, vilima vya udongo vilikuwa vimelala, na mawe yaliyowekwa kama alama yamehama. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani amelala wapi.

Kikao cha ukoo kilipokaa Krismasi ya mwaka juzi, swali lilikuwa moja: tukitaka kujenga alama mpya, tutaandika majina gani, na juu ya kaburi lipi? Bibi aliyekuwa akiyajua yote hayo alifariki mwaka 2011.

Ndipo kaka yangu mkubwa aliposema, "Lakini bibi aliyasema. Tulimrekodi."

Dakika arobaini na moja

Ni kweli. Mwaka 2009 binamu yetu mmoja alikaa na bibi chini ya mwembe, akawasha simu yake, akamwomba ataje makaburi yote kuanzia lile la karibu na mfereji. Bibi alizungumza kwa Kijita kwa dakika 41. Alitaja majina, akaeleza nani alikuwa mtoto wa nani, nani alikufa kwa ndui, nani alizama ziwani na mwili wake haukupatikana, ingawa kaburi lake lipo.

Simu ile ilipotea zamani. Lakini faili lilikuwa limehamishiwa kwenye kompyuta ya mezani ya kaka, iliyokuwa kwenye duka lake la stesheni pale Bunda, alikokuwa akichapa barua na kutoa fotokopi. Duka lilifungwa mwaka 2014. Kompyuta ikawekwa kwenye boksi, boksi likasukumwa uvunguni mwa kitanda huko Guta. Likakaa humo miaka na miaka, na vumbi la kiangazi na unyevu wa masika.

Kesho yake tuliitoa. Kaka alifuta vumbi kwa kanga kuukuu, akachomeka waya, akawasha. Feni ilizunguka. Kisha ikasikika sauti ambayo sitaisahau: ka, ka, ka, kimya. Ka, ka, ka, kimya. Kioo kikabaki cheusi.

Akazima, akawasha tena. Sauti ileile. Akazima, akawasha mara ya tatu. Kijana mmoja jirani anayetengeneza simu siku za mnada akaitwa. Alisikiliza, akachomoa bisibisi mfukoni. "Hii hadidiski imekwama ndani. Tuifungue, tuisukume kidogo kwa kidole, itazunguka."

Alikuwa amekwisha kulegeza skrubu ya kwanza ya kifuniko sauti ilipotoka mlangoni: "Weka chini bisibisi hiyo."

Alikuwa baba mdogo.

Fundi aliyevuka Sirari

Baba mdogo sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu, anafuga mbuzi na kurekebisha redio za watu bila kudai malipo. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba mzee huyo aliwahi kuwa fundi wa kompyuta wakati Tanzania nzima kompyuta zilikuwa za kuhesabika.

Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na mlango haukufunguliwa vizuri hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Kijana aliyesomea umeme kama baba mdogo hakuwa na mahali pa kujifunzia mashine hizo. Mpaka wa Tanzania na Kenya, uliofungwa mwaka 1977, ulipofunguliwa tena mwaka 1983, alipanda basi akavuka Sirari kwenda Nairobi. Huko akapata kazi katika ofisi moja iliyokuwa na minikompyuta.

Neno mini lisikudanganye, msomaji. Mashine hizo ziliitwa ndogo kwa sababu zile za kabla yake zilijaza ukumbi mzima. Minikompyuta ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, wakati mwingine makabati mawili au matatu. Iliyojulikana sana duniani ilikuwa PDP-11 ya kampuni ya Marekani iitwayo Digital Equipment Corporation, iliyoingia sokoni mwaka 1970. Chini ya kabati kulikuwa na droo nzito ya chuma, na ndani ya droo ndipo ilipokaa diski.

Diski yenyewe ilikuwa sahani ya alumini yenye upana wa inchi 14, sawa na sinia dogo la ugali, iliyopakwa unga wa chuma wenye rangi ya kutu. Ilikaa ndani ya kasha la plastiki lenye mpini, ili opereta aweze kuitoa na kuweka nyingine. Ya aina ya RK05 ilibeba megabaiti mbili na nusu. Iliyokuja baadaye, RL02, ilibeba megabaiti 10. Leo picha mbili au tatu za simu nzuri zinaimaliza.

Hata hizo zilikuwa maendeleo makubwa. Mashine ya kwanza ya diski kuuzwa duniani, ile ya IBM ya mwaka 1956 iliyoitwa RAMAC, ilikuwa na sahani 50 za inchi 24 kila moja, ikawa na uzito wa karibu tani moja, na ilihifadhi herufi milioni tano tu.

Kosa la usiku mmoja

Siku ile pale Guta baba mdogo hakuigusa kompyuta. Aliomba kiti, akakaa, akaanza kutusimulia. Kaka alikuwa na haraka, lakini nani angemkatisha? Sauti tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa ya mama yake mzazi.

"Wanangu," alisema, "kichwa kinachosoma diski hakigusi sahani. Kinaelea juu yake. Sahani inazunguka mara 2,400 kwa dakika, inakokota hewa, na hewa hiyo ndiyo inayokinyanyua kichwa. Nafasi iliyopo katikati ni ndogo sana. Unywele mmoja wa kichwa chako, ukiulaza pale, ni kama gogo la mti limelala barabarani na basi linakuja kasi. Chembe ya moshi wa sigara ni jiwe."

Kwa hiyo kazi yake kubwa, alisema, ilikuwa usafi. Kila droo ilikuwa na feni inayosukuma hewa kupitia kichujio kinene, na mashine yenyewe ilikuwa na adabu: ukiiwasha, kwanza huzungusha sahani na kupuliza hewa safi, kisha ndipo vichwa huingia na taa ya kuonyesha iko tayari huwaka. Baba mdogo alikuwa akibadilisha vichujio kwa tarehe, si kwa kuona uchafu. Vichwa alivipangusa kwa spiriti safi na kijiti chenye kitambaa kisichoachia nyuzi, akitazama kwa kioo kidogo kama kile cha daktari wa meno. Akiona mstari wa kahawia juu ya kichwa, alijua kimeanza kukwangua.

Kisha akatueleza jambo ambalo, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kulisema nyumbani.

Usiku mmoja alikuwa zamu peke yake. Mishahara ya mwezi ilikuwa inatengenezwa. Diski ikatoa mlio kama kisu juu ya sufuria, taa nyekundu ikawaka. Baba mdogo, kijana mwenye hofu ya kufukuzwa kazi, akafikiri sahani ndiyo mbovu. Akaitoa, akaweka sahani ya nakala kwenye droo ileile. Mlio tena. Akaweka nakala ya pili. Mlio tena. Akafikiri basi droo ndiyo mbovu, akaichukua sahani ya kwanza akaitia kwenye droo ya pili iliyokuwa nzima. Nayo ikalia.

"Mpaka kunapambazuka nilikuwa nimeua droo mbili na sahani tatu. Kilichoharibika mwanzoni kilikuwa kichwa kimoja tu. Kichwa kibovu kikachana sahani, sahani iliyochanika ikavunja kichwa kizuri. Ni kama kumchukua kuku mwenye kideri ukamzungusha kila banda ukiuliza, hivi anaumwa nini?"

Makarani wa ofisi ile walichapa upya kumbukumbu zote kutoka kwenye karatasi. Watu wenye watoto walisubiri mishahara yao. Hakufukuzwa, lakini mkuu wake wa kazi alimwambia neno ambalo analikumbuka mpaka leo: mashine ikilia, ondoa mkono.

"Nyinyi mmeiwasha mara tatu," akamalizia. "Mara ya nne hamtaiwasha."

Mashine za kale bado zinazunguka

Huenda ukajiuliza, msomaji, maarifa ya mashine za zamani yana faida gani leo. Nami nilijiuliza hivyo. Lakini wapo watu duniani wanaoendelea kuzitunza diski hizo za inchi 14 zikiwa hai. Katika jumba la makumbusho ya kompyuta lililopo Bletchley Park, Uingereza, na lile la Mountain View, California, watu wa kujitolea, wengi wao mafundi wastaafu wa umri wa baba mdogo, huziamsha mashine zilizolala miongo kadhaa. Pale California wameifufua hata ile RAMAC ya IBM, na vichwa vyake vimesoma tena maandishi ya miaka ya zamani.

Nilipomsomea baba mdogo namna wanavyofanya, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Kwanza, hawawashi kitu. Mashine iliyolala miaka thelathini hufunguliwa baridi na kukaguliwa kwa macho. Sponji zilizozunguka njia za hewa huwa zimeoza na kugeuka unga unaonata, na unga huo ukivutwa na feni huenda moja kwa moja kwenye sahani. Hutolewa wote, sponji mpya hubandikwa. Kichujio kikuu hubadilishwa. Mikanda ya mpira inayozungusha baadhi ya mashine huwa imelegea au imepasuka.

Pili, hupima umeme kabla ya kuunganisha diski. Ndani ya kifaa cha kugawa umeme kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, navyo huzeeka hata bila kutumika. Umeme ukitoka pungufu au wenye mawimbi, diski nzima hufanya mambo ya wazimu.

Tatu, huangalia betri. Jambo hili lilinigusa kama mkazi wa mahali ambapo umeme unakatika bila hodi. RK05 ilikuwa na betri ndogo ndani yenye kazi moja tu: umeme ukikatika ghafla, ivirudishe vichwa nje haraka kabla sahani haijapunguza mwendo na hewa ikaisha nguvu. Betri ikifa, umeme ukikatika, vichwa vinatua juu ya sahani. Watu waliobuni mashine hizo Marekani, ambako tunadhani umeme haukatiki, walilifikiria jambo hilo tangu mwanzo.

Nne, vichwa hufungwa kwa kifungo chake kabla mashine haijasafirishwa, hata kama ni kuihamisha chumba hadi chumba. Na sahani ikitoka stoo huachwa kwa saa kadhaa ndani ya chumba cha mashine ili izoee joto la pale, ndipo iingizwe.

Tano, na hili ndilo kubwa, sahani ikisomeka, kitu cha kwanza ni kutoa nakala ya yote yaliyomo. Kuchezea na kufurahia huja baadaye. Wengine wakishapata nakala huipumzisha diski ya kweli na kuweka mahali pake kisanduku chenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ambacho huidanganya kompyuta ya zamani ikaamini bado inazungumza na diski yake.

Kwanza umeme, kisha diski

Diski ya kompyuta ya kaka haikuwa ya inchi 14. Ilikuwa ya kawaida, ya inchi tatu na nusu, iliyofungwa kiwandani. Lakini ni mjukuu wa zile za zamani: sahani, kichwa kinachoelea, kichujio cha hewa. Tofauti ni kwamba kichwa chake kinaelea karibu zaidi kuliko vile vya zamani, kiasi kwamba hata chumba tulichodhani kisafi kwake ni jalala. Kijana wa bisibisi angeifungua pale barazani, na wadudu wa ziwani wakiruka kuzunguka taa, habari ingeishia hapo.

Baba mdogo alimrudishia kijana skrubu yake airudishe vizuri. Hakumkaripia. Alimwambia, "Kaa hapa utazame, kesho utanisaidia kwa mwingine."

Akaichomoa diski, akaiweka pembeni juu ya kitambaa. Kisha akafungua kifaa cha kugawa umeme, akiwa amekiacha muda mrefu bila waya wa ukutani, maana vikopo vile hubaki na umeme wa kuua mtu. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Alipokirudishia na kukipima kwa mita yake, laini iliyopaswa kutoa volti 12 ilikuwa inasoma chini ya 11, na inayumba.

"Njaa," alisema. "Diski inataka kuzunguka, nguvu hakuna. Inajaribu, inashindwa, inajaribu. Inawezekana haiumwi sana."

Kaka akaruka. "Basi baba mdogo, niende Bunda sasa hivi nikanunue kifaa kingine, tuiwashe leo leo!"

Hapo nilimwona mzee akinyamaza kidogo. Sauti ya mama yake ilikuwa ndani ya kile kipande cha chuma, umbali wa mkono. Miaka zaidi ya kumi hakuwa ameisikia. Lakini alisema hapana.

"Ikiamka, inaweza kuamka mara moja tu. Siku hiyo lazima chombo cha kupokelea kiwe tayari. Huwezi kukamua ng'ombe kisha ndipo utafute kibuyu."

Safari ya Mwanza

Mtoto wa dada yetu anafanya kazi za kompyuta Mwanza. Tulimpigia, akaelewa haraka. Alisema ana kompyuta yenye umeme wa uhakika pamoja na kile kifaa cha akiba ya umeme ambacho mafundi hukiita UPS, ana waya wa kubadilishia maana diski ile ni ya zile za waya mpana wa zamani, na ana programu ya bure iitwayo ddrescue. Programu hiyo kazi yake ni kunakili diski mgonjwa kwa busara: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, huruka zilizo mbovu, kisha huzirudia mwishoni, na huandika kumbukumbu ya ilipofikia ili isirudie kazi.

Baba mdogo aliifunga diski kwenye mfuko, akaizungushia taulo, akaiweka kwenye boksi la viatu lenye sponji pande zote. Kwenye basi alikataa kuiweka kwenye buti. Kuanzia Bunda, kupita Lamadi na Magu, mpaka Mwanza, boksi lilikuwa mapajani kwake. Kila tuta la barabara alilinyanyua kidogo kwa mikono miwili.

Walipofika hawakuiwasha siku hiyo. Waliiacha usiku kucha chumbani izoee hali ya pale. Asubuhi wakaunganisha.

Diski ilizunguka. Haikutoa ule mlio.

Kunakili kulichukua siku nzima na nusu ya usiku. Sehemu kubwa ilitoka salama, lakini zipo sehemu ambazo hazikusomeka hata ziliporudiwa. Picha zote za harusi ya dada yetu zilipotea, na hazikuwa na nakala mahali pengine popote. Dada alilia, na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu kwa miaka mingi kila mmoja wetu alidhani mwenzake anazo.

Faili la bibi lilikuwepo. Lilikuwa dogo ajabu, chini ya megabaiti nne. Baba mdogo alicheka alipoambiwa ukubwa wake. Lingeenea kwenye sahani moja ya RL02, na nafasi kubwa ingebaki.

Mpwa wetu akabonyeza. Kwanza kuku akawika, kisha bibi akauliza kwa Kijita kama kile kisimu kinamsikia kweli au anadanganywa. Baba mdogo alitoa kofia akaishika mkononi. Alisikiliza dakika zote 41 bila kusema neno. Mahali pawili sauti ilikatika ikawa mchakacho mtupu, na katika kimoja cha vipande hivyo kuna majina ya makaburi mawili ambayo hatutayajua tena. Makaburi mengine 17 tunayajua kwa majina.

Alama zilijengwa mwezi wa nane, ziwa likiwa chini. Kwa yale mawili tuliandika tu "Wa kwetu".

Ya kufanya nyumbani kwako

Msomaji, karibu kila nyumba sasa ina diski, flashi au simu kuukuu kabatini yenye sura na sauti za watu wasiokuwepo tena. Haya ndiyo baba mdogo aliniagiza niwaandikie.

Diski ikitoa mlio wa kugonga au kukwaruza, izime hapohapo. Usiwashe tena kwa matumaini. Kila jaribio linaweza kuwa kichwa kibovu kinachokwangua sahani.

Usiifungue kifuniko, na usimruhusu fundi aifungue nje ya chumba maalumu. Wala usiigonge na kiatu, wala usiitie kwenye friji kama unavyosikia mitaani. Unyevu utakaoganda juu yake utamaliza kilichobaki.

Kabla ya kuilaumu diski, pima umeme. Jaribu waya mwingine, au kifaa kingine cha umeme kilicho kizima. Mengi yanayoitwa kifo cha diski ni njaa ya umeme.

Kwenye maeneo yetu ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, usitumie kompyuta ya mezani bila UPS au walau kidhibiti cha umeme. Na usichomoe diski ya nje inapozunguka. Ifunge kwanza kwenye kompyuta, subiri itulie, ndipo uiguse.

Diski usiyoitumia iweke mahali pakavu, ndani ya mfuko uliofungwa na kipakiti cha kunyonya unyevu kama kile kinachokuja na viatu vipya, mbali na jiko na mbali na spika kubwa. Iamshe mara mbili kwa mwaka, uifungue mafaili, uone kama bado yanasomeka. Flashi nazo si sanduku la milele, hupoteza kumbukumbu zikikaa miaka mingi bila kuchomekwa.

Mwisho, kitu muhimu kisiwe mahali pamoja. Kiwe na nakala tatu, na mojawapo iwe kwenye nyumba nyingine kabisa, ili moto, mwizi au maji ya ziwa yasikute zote. Na aandikwe mtu mmoja mwenye jukumu, kwa jina. Kitu cha wote bila mtunzaji ndicho kilichotupotezea picha za dada.

Kwetu mwenye jukumu ni yule kijana wa bisibisi. Ndiyo, si wa ukoo wetu. Lakini tangu siku ile huja kwa baba mdogo kila Jumamosi, na mita sasa anaijua kuliko kaka. Nakala moja ya bibi ipo Guta, nyingine Mwanza, na ya tatu ninayo mimi.

Krismasi iliyopita, kijana alileta diski kutoka kabatini, akaiacha mezani saa nzima kabla ya kuichomeka. Watoto walizunguka. Jogoo akawika, bibi akauliza kama kile kisimu kinamsikia.

"Kinakusikia, mama," baba mdogo akamjibu. Watoto wakacheka, yeye akaongeza sauti.